PCA3, kipimo cha mkojo cha tezi dume: kidole hukikwepi

Wanaume wenzangu najua mtu akisikia kuna kipimo cha tezi dume cha mkojo anashangilia, anajua habari ya kidole imekwisha. Aisee kidole kipo palepale.

Mimi naishi Houston, 2016 PSA, ile protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu, ilipanda nikafanyiwa bayopsi, zile sindano 12 za kuchomoa vipande vya tezi kutafuta saratani, hawakuona kitu, miezi inapita PSA bado iko juu na daktari anataka kunichoma tena. Nikamwambia dokta hakuna njia nyingine? Ndo akanitajia Progensa PCA3, FDA, mamlaka ya dawa na vipimo ya Marekani, ilikipitisha 2012 kwa watu wa aina yangu hasa, miaka 50 kwenda juu ambao bayopsi ilishatoka safi.

Wanavyofanya, daktari anaingiza kidole nyuma anakandamiza tezi mara tatu kushoto mara tatu kulia, halafu fasta unaenda kukojoa, wanataka ule mkojo wa mwanzo kabisa maana ndo umebeba seli zilizotoka kwenye tezi. Wanachotafuta ni RNA (yaani nakala inayotolewa na jeni) ya jeni ya PCA3, hii haitengenezi protini yoyote yaani ipo tu, ila seli za saratani ya tezi zinaitoa kwa wingi kuliko seli nzima. Wanailinganisha na RNA ya PSA humohumo kwenye mkojo wanapata alama. Nilichokipendea ni hiki, PSA ya damu inapanda hata tezi ikiwa kubwa tu kwa umri au ina maambukizi, hii haijali ukubwa wa tezi.

Sasa kero. Kile kichupa kina mstari, nesi wa kliniki niliyoenda hakuujaza mkojo mpaka pale, maabara ikakataa. Napigiwa simu nirudi. Kidole tena! Nilikaa kwenye gari pale parking dakika kumi najishauri.

Majibu yalitoka alama 14, na mpaka wa kuhesabiwa juu ni 25, kwahiyo sindano tukaahirisha, PSA naendelea kila miezi sita. Naipa nyota tatu na nusu, kwasababu ikitoka chini haimaanishi huna saratani kabisa, na ikitoka juu bado haikwambii vizuri kama saratani yenyewe ni kali au ya kujikokota, utachomwa tu.

Ukienda usikojoe nyumbani kabla, na kichupa kikijazwa simama hapo uangalie mstari mwenyewe.