Bulls wa 1991 au Bulls wa 1996?

Kila mtoano wa NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, unapofika, mashabiki wa Chicago Bulls tunalirudia swali hili: kikosi kipi kilikuwa bora? Michael Jordan, Scottie Pippen na kocha Phil Jackson wapo pande zote mbili; waliobadilika ni wale waliowazunguka.

Kwa rekodi ya msimu wa kawaida, 1996 haina mjadala: ushindi 72 na vipigo 10, dhidi ya 61 na 21. Kwenye mtoano hesabu inageuka kidogo. Wa 1991 walipoteza mechi 2 tu kati ya 17, wa 1996 wakapoteza 3 kati ya 18.

Njia ya kufika kwenye ubingwa ndiyo inayonivutia kwa 1991. Detroit Pistons walikuwa wamewatoa Bulls miaka 3 mfululizo, 1988 hadi 1990, kwa mchezo wa mabavu. Safari hii Bulls wakawachapa kwa mechi 4-0, kisha kwenye fainali wakawafunga Lakers ya Magic Johnson 4-1. Utamu ule, baada ya machungu yote yale, sikuupata tena walipoishinda Seattle 4-2 kwenye fainali ya 1996.

Chini ya kikapu, Dennis Rodman wa 1996 anamzidi Horace Grant wa 1991 kwa kudaka mipira inayorudi. Benchi nalo ni la 1996, lenye Toni Kukoč na Steve Kerr.

Unapenda kuona timu ikikomaa na kulipa kisasi? Anza na 1991. Kama unafundisha vijana kukaba, waonyeshe 1996: Jordan, Pippen na Rodman wote waliingia kikosi cha kwanza cha walinzi bora wa ligi mwaka huo.