Programu ya mahudhurio tunayotumia kazini: naipa nyota tatu

Mimi ndiye ninayepanga zamu kwenye dobi kubwa linalofua mashuka na taulo za hoteli. Mtu asipotokea bila taarifa, mzigo unaniangukia mimi kwanza, ofisi ya rasilimali watu baadaye sana. Kwa hiyo nyota tatu hizi zinatoka kwa mtumiaji wa kila siku, siyo kwa bosi aliyeonyeshwa programu kwenye mkutano akaipenda rangi zake.

Nianze na sifa. Mashine ya alama za vidole mlangoni imekomesha ule mchezo wa kugongeana kadi, mtu kumgongea mwenzake ambaye hajafika. Zamu ikianza, jina la asiyefika linageuka njano kwenye skrini. Ikipita nusu saa linakuwa jekundu na simu yangu inalia. Zamani nilikuwa naletewa habari saa nne, mashuka mabichi yameshalundikana mbele ya mashine ya kukaushia na wapiga pasi wamekaa. Sasa napata muda wa kumwita mtu wa akiba, na wa kumtafuta aliyekosekana.

Ila kwenye huko kumtafuta, programu haikusaidii kitu. Ukibonyeza jina jekundu, kitufe kikubwa kuliko vyote kinasema "Tayarisha barua". Namba ya ndugu wa karibu imefichwa ndani kabisa, chini ya taarifa binafsi, na msimamizi wa zamu hana ruhusa ya kuifungua. Yaani walioitengeneza wamefikiria onyo kabla ya kufikiria kwamba huyu mtu huenda kagongwa na gari njiani.

Mpiga pasi wetu mmoja, mtu asiyejua hata kuchelewa, alipotea hivyo hivyo. Simu yake haipatikani. Siku ya tatu programu ikanitolea barua tayari: "Unachukuliwa kuwa umeacha kazi kwa hiari yako." Ilibaki kubonyeza "Tuma" tu. Nikamwomba mtu wa ofisi anifungulie faili, nikampigia dada yake. Kumbe wamefiwa, wako msibani kijijini, na aliomba ruhusa kwa msimamizi wa zamu ya usiku. Msimamizi akamwambia nenda, tutaandikishana ukirudi, kisha naye akaanza likizo yake. Kwenye programu hakuna mahali pa kuingiza ruhusa ya mdomo. Kuna "Yupo", "Likizo", "Mgonjwa" na "Mtoro". Basi.

Barua ile isingekuwa kosa la adabu tu. Mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1982, unasema mfanyakazi asiachishwe kazi kwa sababu ya mwenendo wake kabla ya kupewa nafasi ya kujibu tuhuma, na kwamba kukosekana kwa muda kwa ugonjwa au kuumia si sababu halali ya kumwachisha. Nchi hutofautiana katika sheria zao, lakini barua ya kwanza ya mtu mwenye akili ni ya kumtaka ajieleze, na inampa tarehe ya kujibu. Kiolezo cha barua hiyo kwenye programu hakimo. Tumeandika wenyewe.

Kuna pia alama za Bradford, hesabu ya kupima ukosekanaji wa mtu kazini, ambazo muuzaji anazisifia sana. Idadi ya mara ulizokosekana inazidishwa kwa yenyewe, halafu kwa jumla ya siku, kwa kawaida ndani ya wiki 52. Aliyelazwa siku 10 mfululizo anapata 10. Aliyekosa siku 10 hizo hizo moja moja anapata 1,000. Hoja yake naielewa, maana mapengo ya ghafla ndiyo yanayovuruga zamu, na kweli zilimnasa kijana mmoja aliyekuwa anapotea kila mshahara ukitoka. Alipoonyeshwa tarehe zake zimepangwa hivyo alicheka mwenyewe. Lakini tuna mwenzetu mwenye seli mundu. Maumivu yanamjia, anapumzika siku moja au mbili, anarudi na cheti cha daktari. Kwa hesabu hiyo yeye ndiye mtoro mkubwa kuliko wote. Nikawauliza huduma kwa wateja kama siku zenye cheti zinaweza kuwekwa pembeni. Wakanijibu haraka, kwa heshima zote, kwamba mfumo ndivyo ulivyo.

Ukiamua kuinunua, mwambie anayekufungia azime utayarishaji wa barua kabla hujasajili kidole cha mtu yeyote. Swichi yake iko kwenye mipangilio ya msimamizi mkuu, na inakuja ikiwa imewashwa. Sisi tumeizima. Namba za ndugu ofisi imenichapishia, kwa ridhaa ya wenyewe, nazo nazifungia kabatini kwangu mpaka watengenezaji watakapoona umuhimu wa kuzisogeza karibu na lile jina jekundu.