Mota ya sumaku ya "umeme wa bure" au paneli ya sola?

Watu wanauliza sana kipi bora, zile mota za sumaku zinazodaiwa kujizungusha milele au sola. Mi nasema wazi, ile mota haifanyi kazi. Sumaku inavuta kweli, lakini nguvu unayopata gurudumu likiisogelea ndo hiyohiyo unadaiwa likiondoka, raundi nzima faida ni sifuri, halafu msuguano kwenye beringi unakula kidogokidogo mpaka kitu kinasimama. Akademia ya Sayansi ya Ufaransa iliacha kupokea mapendekezo ya mashine hizi tangu 1775, fikiria!

Sola yenyewe inakula mwanga, jua la saa sita likiwaka vizuri linashusha kama wati 1000 kila mita mraba, paneli nzuri inageuza asilimia 20 hivi, so unabaki na wati 200. Usiku hamna kitu, lazima betri, na betri ni gharama. Ila unajua nishati inatoka wapi.

Anayekuuzia mota mwambie aichomoe kila waya, aiinue kutoka mezani uone hakuna waya uliofichwa chini, kisha iwashe balbu siku nzima mbele ya macho yako.