B550 au B650: ubao mama wa bei ya kati kwa mpenzi wa kompyuta wa Tabora

Anayetafuta ubao mama (motherboard, ubao unaounganisha sehemu zote za kompyuta) wa prosesa za Ryzen za kampuni ya AMD mjini Tabora hukutana na chipuseti mbili, yaani chipu zinazoratibu mawasiliano kwenye ubao: B550 ya mwaka 2020, yenye soketi (tundu la kuchomekea prosesa) ya AM4 na RAM, yaani kumbukumbu ya muda, za aina ya DDR4, na B650 ya mwaka 2022, yenye soketi ya AM5 na DDR5 pekee. Zote huruhusu kupandisha kasi ya prosesa kupita kiwango cha kiwandani. AMD imeahidi kuendeleza AM5 hadi mwaka 2027 na zaidi, ilhali AM4 imefika ukingoni. Hata hivyo, mwenye DDR4 mkononi hana sababu ya kuzitupa, kwani B550 yenye Ryzen 7 5800X3D bado huendesha michezo mizito bila shida.

Katika AM5 pini ziko kwenye ubao wenyewe, wala si kwenye prosesa, hivyo, ili zisipinde, ubao unaosafirishwa kwa basi kutoka Kariakoo usipokelewe bila kifuniko cha soketi. Tena, kwa joto la Oktoba la Tabora, vikaguliwe vipoza joto vya sehemu inayolisha prosesa umeme: B650 ya bei rahisi isiyo navyo ningeiacha dukani, nikachukua B550 iliyokamilika.