Pomboo Kizimkazi: nahodha safi, fujo za boti nyingine sasa!
Jamani mkienda Kizimkazi, kule kusini mwa Unguja, Zanzibar, kuona pomboo amkeni mapema, sie tulitoka kabla ya saa moja asubuhi bahari shwari, nahodha kazima mashine tukakaa kimya pomboo wakaja wenyewe, mmoja kapita ubavuni kabisa hadi nikasikia anavyopumua, pffuu, na pezi lake limechanika nchani. Kufika saa tatu boti zikajaa, zinawakimbiza huku na huku, watu wanajirusha majini karibu yao, hilo mie silipendi, nahodha wetu kagoma kuwafukuza ndo mana nampa nyota nne. Nyangumi hatukuwaona, wao msimu wao Julai mpaka Septemba hivi. Laifu jaketi zipo ila zinanuka uvundo, na chai bebeni yenu.