Tanga la mawimbi na fristaili: lipi ununue kwa upepo wa Kusi na Kaskazi

Simama Galu ya Kenya au Paje ya Zanzibar mwezi Januari, bamvua imejaa na Kaskazi imeshika tangu saa sita. Utahesabu kaiti hamsini angani kabla hujaona tanga moja la ubao, yaani la windsurfing. Sisi tuliobaki na matanga tunajuana kwa majina, na uchache wetu ndio unaotugharimu, maana hakuna duka utakaloingia ukapapasa tanga kabla ya kulilipia. Unaagiza Ulaya, unalipia mzigo wa karibu mita mbili, unalipa ushuru na VAT ya asilimia 16 ukiwa Kenya au 18 ukiwa Tanzania Bara. Kisha ndipo unalisimamisha mchangani ujue kama umenunua tanga au pazia.

Mimi nimewahi kununua pazia. Tanga langu la kwanza la mawimbi lilikuwa la mita za mraba 4.2, nililochagua kwa kutazama video za Ho'okipa kule Maui, Hawaii, ambako wakali wote walionekana wameshika vitanga vidogo vinavyogeuka kama leso. Nililitumia mara tano kwa mwaka mzima. Siku nyingine zote nilikaa ufukweni natazama wenzangu wa 5.3 wakipita.

Kwa hiyo kabla ya kutaja majina ya matanga na kuyapanga kwa nafasi, tuanze na upepo wenyewe. Kusi na Kaskazi zetu ni pepo za kutegemewa kwa siku, si za kutisha kwa nguvu. Siku nzuri ya kawaida ni kilomita 28 hadi 37 kwa saa, na ikipanda zaidi ya hapo watu hupigiana simu. Halafu hewa yetu ni ya moto, na hewa ya moto ni nyepesi: kwenye nyuzi 30 inapungua uzito kwa karibu asilimia 7 ikilinganishwa na hewa ya nyuzi 10. Mjerumani anayeandika kwamba 4.7 yake ilimtosha kwenye Bahari ya Kaskazini mwezi Oktoba anasema kweli, ila upepo uleule ukija kwetu utakupungukia kidogo mikononi.

Kwa mtu wa kilo 75, tanga la kazi hapa ni la 5.2 au 5.3, na la pili ni 4.7 kwa siku za nguvu. Mwenye kilo 60 ashuke kwa karibu nusu mita, mwenye kilo 90 apande kwa kiasi hichohicho. Pesa ikitosha tanga moja tu, chukua 5.0 au 5.2 uache kuota. Hilo la 4.2 utalinunua siku utakapopata pesa ya mchezo.

Jambo la pili ni mlingoti, na hapa ndipo watu wengi wanapopoteza pesa bila kujua. Tanga hukatwa lifuate mkunjo wa mlingoti fulani. Mingine hupinda sawasawa kutoka chini hadi juu, mingine hulegea zaidi kichwani, mingine ni migumu kichwani. Ukivalisha tanga mlingoti usio wake utaona mikunjo inayotoka kwenye bumu (mti wa kushikia tanga) kuelekea mbele, ukingo wa nyuma utakataa kulegea hata uvute kamba ya chini mpaka mikono ichubuke, na utamlaumu aliyelishona bure. Soma maandishi yaliyochapwa kwenye mfuko wa tanga, au kwenye tanga lenyewe karibu na pembe ya nyuma au chini: utakuta urefu wa ukingo wa mbele, urefu wa bumu na mlingoti unaotakiwa. Kwa mawimbi na fristaili tunatumia mlingoti mwembamba, ule wa RDM. Wa sentimita 370 hubeba matanga mengi ya kati ya 3.7 na 5.0, na wa 400 hubeba ya 5.0 hadi 5.8. Ukiwa tayari una mlingoti mzuri wa kaboni, anza kutafuta matanga ya kampuni ile ile au yenye mkunjo huohuo. Ukiwa huna, weka kando pesa ya mlingoti kwanza, kisha uangalie kilichobaki.

Sasa fito, vile vijiti vigumu vinavyopita tangani, ambavyo ufukweni wengi huviita bateni. Tanga la ngalawa halina fito. Tumbo lake linaumbwa na upepo wenyewe, na nahodha akilegeza kamba ya demani linapepesuka na nguvu inakwisha pale pale. Tanga la ubao lenye fito tatu limekaribia tabia hiyo: ukivuta linashika, ukiachia linazima. Kadiri fito zinavyoongezeka, umbo linajifunga. Nguvu inakuja mapema, tanga linatulia upepo ukivuma kwa mishindo, lakini linakuwa zito na halizimiki kirahisi katikati ya wimbi. Karibu hoja yote ya kuchagua tanga iko hapo.

Nafasi ya kwanza: fito nne za mawimbi

Severne S-1, Duotone Super Hero, Goya Banzai, NeilPryde The Fly (jina la kwanza ni la kampuni, linalofuata ni la tanga). Kwa mtu wa pwani yetu anayetaka kupanda wimbi la mwambani asubuhi na kufanya michezo kwenye maji tulivu jioni, kundi hili halina mpinzani. Bumu ni fupi, kwa hiyo tanga linapita kichwani au chini ya mkono bila kugombana nawe. Ukichukua kipimo kikubwa, 5.2 au 5.3, lina tumbo la kutosha kukuondoa majini kwenye upepo wa kilomita 30.

Mimi ningeanza na S-1. Ni tanga fupi, jepesi mkononi, na unapoliachia linakaa kimya, jambo linalosaidia sana unapojifunza fristaili bila kutaka kununua tanga la pili. Super Hero naliona limetulia zaidi upepo ukizidi, na mtu anayependa mawimbi kuliko michezo atalifurahia. Yote mawili huwa na toleo la bei ya juu lililoshonwa kwa kitambaa chepesi zaidi. Liache. Unalipia gramu chache ambazo jua la Februari halitazijali.

Nafasi ya pili: fito tano

Severne Blade na Duotone Super Star ndiyo ningeyatazama. Kuna watu ambao kwao kundi hili linapaswa kuwa la kwanza: wenye kilo 85 na zaidi, na wale wanaoingia baharini zaidi msimu wa Kusi. Kusi ya Mei na Juni huja na mawingu ya mvua. Unatoka na upepo wa kilomita 25, wingu linapita, ghafla ni 45, kisha dakika kumi za ukimya. Katika hali hiyo fito ya tano ni kama jiwe chini ya kikapu. Tanga halikurushi huku na kule, na upepo ukipungua bado linakuvuta kuvuka mkondo mpaka ndani ya mwamba. Yeyote aliyewahi kuogelea na ubao wake kurudi kutoka mwambani maji yakitoka anaelewa thamani ya hilo.

Hasara yake utaiona kwenye fristaili. Ni mazito kuzungusha, na nguvu yake haizimi unapotaka izime.

Nafasi ya tatu: fristaili tupu

Severne Freek, Duotone Idol, NeilPryde Wizard, GA Pure. Nimeyaweka hapa kwa sababu ya mwamba tu. Ukiniambia hutoki kamwe nje ya maji tulivu ya Paje, yaliyo ndani ya mwamba, yanapanda mpaka nafasi ya kwanza bila mjadala.

Paje na Jambiani zinafanana na Lac Bay ya kisiwa cha Bonaire huko Karibi kuliko mahali pengi duniani: mwamba unavunja mawimbi mbali, ndani yake maji ni ya kina kifupi na tulivu, upepo unavuma sawasawa. Lac Bay ndiyo iliyomlea Kiri Thode, bingwa wa dunia wa fristaili wa 2013, na ndugu Taty na Tonky Frans, watoto wa kisiwa kidogo waliojifunza kwenye maji ya kufika kiunoni. Kila msimu ninapoangalia vijana wa Paje wakikimbilia kaiti huwa najiuliza tumeshindwa wapi, lakini hayo si ya mwongozo huu.

Tanga la fristaili limetengenezwa kwa kazi mbili zinazopingana. Kwanza likupe nguvu mara moja unapolipiga pampu, yaani kulivuta na kuliachia haraka, ubao uteleze kabla hujafika mwisho wa maji tulivu. Kisha lisahaulike kabisa unapolizungusha kwenye michezo kama vulkani, spoki au flaka. Ili lifanye hivyo linakatwa fupi, sehemu ya chini inapunguzwa lisikwame majini, na kitambaa chake mara nyingi ni chepesi. Wepesi huo ndio unaolimaliza likigongana na matumbawe. Wimbi moja likikuviringisha juu ya mwamba, utarudi na tanga lenye dirisha jipya.

Nafasi ya nne: fito tatu

Duotone Super Session, Severne Swift, Ezzy Taka, Goya Fringe. Ni matanga matamu mno, na David Ezzy anayechora ya Ezzy anakaa Maui, mahali yanapostahili. Yanataka wimbi linalokusukuma lenyewe na upepo wa kutosha wa kukufikisha hapo. Sisi tuna siku chache za namna hiyo kwa mwaka. Mtu mwepesi mwenye tanga kubwa tayari anaweza kununua moja la 4.5 kama zawadi yake mwenyewe.

Ya mwisho: seti ya hoteli

Hoteli ikibadilisha vifaa huuza matanga yake ya 6.5 na 7.0 kwa bei ya kutupa, mengine yakiwa na kamu za plastiki (vishikio vya ncha za fito) kwenye mlingoti. Ni ya kwenda mbele na kurudi. Kwenye wimbi yatakuzamisha.

Nirudi kwenye kitambaa, kwa sababu hapa jua linaua matanga kuliko mwamba. Plastiki angavu ya monofilamu inapendeza ikiwa mpya na unaona kila kitu kupitia kwake. Baada ya misimu miwili ya kuachwa juani inageuka manjano, inakuwa ngumu kama karatasi ya mkaango, na siku utakayoliangukia kwa goti itapasuka kutoka upande mmoja hadi mwingine. Plastiki yenye nyuzi zilizofumwa ndani kwa miraba ni nzito kidogo, lakini ikitoboka tundu linasimama kwenye nyuzi. Kwa pwani yenye matumbawe na kupwa kwa maji kunakoacha mwamba wazi, dai angalau sehemu yote ya chini iwe na nyuzi, na ukipata tanga zima la nyuzi usijute kwa gramu 200. Fundi wa matanga ya majahazi anaweza kukushonea pembe iliyong'oka au dasi iliyochanika, na atafanya kazi nzuri kuliko wengi, ila dirisha la plastiki lililopasuka hana la kulifanyia zaidi ya kubandika.

Ukimaliza, suuza kwa maji yasiyo na chumvi, likauke kivulini, likunje kwa kuviringisha. Usilihifadhi chini ya paa la mabati. Nimeona tanga la msimu mmoja lililowekwa darini likatoka na gundi za viraka zimeachia.

Bei. Tanga jipya la mawimbi huko Ulaya huuzwa kati ya euro 600 na 1,000, na yale mepesi ya juu hupita hapo. Njia yangu ni kusubiri matoleo mapya yatoke kisha kununua la mwaka uliopita, ambalo mara nyingi hupungua bei kwa theluthi moja au zaidi. Tofauti ya mwaka mmoja hadi mwingine kwa kawaida ni rangi na kona fulani iliyoongezwa uimara.

La mtumba ni sawa kabisa ukijua majina ya zamani. Matanga ya Duotone yalikuwa yakiitwa North Sails mpaka 2018, kwa hiyo ukikuta North Hero ujue ndiye mzazi wa Super Hero. GA ilikuwa Gaastra. Shika plastiki mahali ambapo bumu inaishika, ikunje taratibu kwa vidole: ikitoa mlio wa kuvunjika, mrudishie mwenyewe. Ingiza mkono ndani ya mfuko wa mlingoti mpaka kileleni, ndiko mishono inakoanza kufa bila kuonekana. Ukiona kiraka kimoja kidogo kilichobandikwa vizuri, hiyo ni dalili ya mwenye kulitunza. Viraka vitano ni dalili ya bahari aliyokuwa akiitembelea.

Na tanga likifika, jipya au la mtumba, lisimamishe siku hiyohiyo kwenye kivuli cha mkungu, hata kama hakuna upepo. Vuta kamba ya chini mpaka sehemu ya juu ya ukingo wa nyuma ilegee na kuyumba, kisha kamba ya bumu kidogo tu. Pima kwa utepe urefu uliopata ulinganishe na ule ulioandikwa. Likikataa kulingana au likibaki na mikunjo, piga picha na umpelekee muuzaji jioni hiyohiyo, kabla hujalilowesha. Wauzaji wengi hawapokei tanga lililonusa chumvi.