heap_4.c ya FreeRTOS: nimeihamishia kwenye chipu ya KB 4

heap_4.c ni faili ya kugawa kumbukumbu (RAM) iliyomo kwenye FreeRTOS, mfumo endeshi mdogo wa chipu. Kabla yake nilikuwa na kigawa kumbukumbu nilichokiandika mwenyewe: safu moja ya baiti, orodha ya vipande vilivyo wazi, na mbele ya kila kipande kichwa cha baiti 6, yaani kielekezi (anwani ya kipande kinachofuata) cha baiti 4 na ukubwa wa baiti 2. Kwenye chipu ya STM32F103 kilipima tangi la maji la shangazi miezi miwili bila tatizo. Nikakihamishia STM32F030F4, kikakwama papo hapo. Nilikesha nikikagua nyaya. Kumbe Cortex-M3, kichakataji cha ile F103, husamehe ukisoma baiti 4 kwa mpigo kutoka anwani isiyogawanyika kwa 4, Cortex-M0 ya F030 haisamehi, na vichwa vyangu vya baiti 6 viliziacha anwani nyingine hivyo.

Ndipo nikachukua heap_4.c. FreeRTOS ina faili tano za aina hii. heap_1 haipokei tena ilichokwisha kutoa, heap_2 hupokea lakini haiunganishi vipande. Hii ya nne ndiyo niipendayo, kwa jambo moja: orodha yake imepangwa kwa anwani, si kwa ukubwa. Ukirudisha kipande, papo hapo inajua jirani wa kushoto na wa kulia ni nani, na kama wako wazi wote watatu wanakuwa kiwanja kimoja. Nililisoma lile fungu la msimbo mara tatu kwa raha tu.

Kuihamisha kulinichukua jioni moja. Situmii FreeRTOS yenyewe, kwa hiyo pale inapoita vTaskSuspendAll na xTaskResumeAll (kusimamisha na kurudisha ubadilishanaji wa kazi) niliweka kuzima na kurudisha vikatizo, yaani ishara zinazoikatiza programu katikati (interrupts). Upangaji wa anwani inaufanya yenyewe, kwa mafungu ya baiti 8.

Gharama ipo. Ukiomba baiti 20 inakukatia 32, kwa sababu kichwa ni baiti 8 na jumla hupandishwa hadi kigawe cha 8. Kwenye RAM ya KB 4 hilo linauma, basi usiombe vipande vidogovidogo. Na kwa kuwa hutembea kwenye orodha hadi ipate kipande kinachotosha, muda wake hautabiriki; usiiite ndani ya kikatizo.

Usisahau xPortGetMinimumEverFreeHeapSize, kitendakazi kinachokuambia kumbukumbu iliwahi kupungua hadi wapi. Nimeitengea heap_4 baiti 2048, na baada ya wiki tatu tangini, kiwango cha chini kabisa kilichowahi kubaki ni baiti 416. Kigawa changu cha zamani hakikuwahi kuniambia hivyo.